Kimya cha Mwanamwali

Mimi ni somo. Msichana wa Mji wa Kale akiposwa, kwao humtafuta mwanamke mtu mzima asiye mamake, amkalishe ndani, amsugue singo la unga wa manukato mpaka ngozi iwe laini, amfukize udi, na amwambie yale ambayo mama huona haya kumwambia mwanawe. Mwanamke huyo ndiye mimi, na kazi hii nimeifanya miaka mingi.

Siku ya ndoa huwa nina kazi moja zaidi. Baba huja na mashahidi hadi mlango wa chumba, akamuuliza binti kama amekubali kuozeshwa. Binti hunyamaza, maana ndivyo alivyofundwa, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Hapo mimi niliye kando yake hupiga kigelegele cha kwanza, wanawake wengine wakakidaka, na wanaume wakaenda zao msikitini kufunga ndoa. Mimi mwenyewe niliozeshwa hivyo. Somo wangu, Mungu amrehemu, alinifinya paja nisije nikafungua mdomo. Alijisumbua bure. Sikujua kuwa lile lilikuwa swali la kujibiwa.

Msichana ninayemkumbuka leo alikuwa wa nyumba ya ghorofa karibu na bahari, baba yake muuza vitambaa. Bwana arusi alitoka Kizingo, kwa watu wenye magari hadi ya kwendea msikitini, kijana mpole ambaye mimi sina neno juu yake. Binti alikuwa amesoma, na alifanya kazi Mbaraki katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mamake aliponikabidhi alinivuta pembeni.

"Mkazie, somo. Kazi imemfanya mkavu huyu."

Nilimkuta si mkavu hata kidogo. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kujibu, ila nikianza kumweleza habari za mume alikuwa akitazama dari kama mtu aliyekaa kwa kinyozi.

Miezi ile mji ulikuwa umechafuka. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake wana haki ya kusajili chama chao, na watu walikuwa wakiingia barabarani kupinga. Tangu mimi ni mdogo mji huu ulikuwa ukijua mambo hayo na kuyafunika, na kila mtu ana lake ndani ya nyumba yake. Siku hizi kila mtu amejipatia kipaza sauti. Ijumaa, baada ya swala, nilikuwa ninamsugua mgongo pale maandamano yalipopita chini ya dirisha. "Hatuwataki! Hatuwataki!" Nikausikia mgongo wake ukikakamaa chini ya kiganja changu.

"Somo," akasema, "wewe wawaonaje hao?"

"Hao wenye kelele?"

"Hao wanaopigiwa kelele."

"Hapana hata mmoja wao aliyewahi kunivunjia mlango. Mbona wauliza?"

Alingoja mpaka sauti zikapinda kona. Kisha, uso wake ukiwa umelalia mkeka, akaniambia kwamba kazini ana mwenzake, msichana kama yeye, mtu wa bara aliyepanga chumba hukohuko Mbaraki. Walipendana tangu walipoanza kazi. Hakusema zaidi, wala sikuwa na haja ya zaidi. Nilishtuka, sitasema uongo. Mkono wangu ulisimama. Halafu nikaendelea kusugua, maana singo likikauka mgongoni huwa taabu kulitoa.

"Mamako yuwajua?"

"Mama akijua atakufa. Baba akijua, nitakufa mimi."

"Basi hilo limezikwa hapa. Lakini huyu mume, wamtaka?"

"Simtaki. Simtaki yeyote."

"Basi ukiulizwa sema hutaki. Sababu si lazima uitaje. Neno hilo umepewa na dini, hukupewa na mimi."

"Siwezi, somo."

"Neno moja tu, mwanangu."

"Siwezi kumwambia baba hapana mbele za watu. Wewe uliweza?"

Nilirudi kwangu na hasira ya kutosha mtaa mzima. Niliwaza kwamba ofisini makontena hayatoki bandarini bila sahihi yake, lakini nyumbani hatakiwi hata kufungua mdomo juu ya mwili wake mwenyewe. Walioandamana wakidai kulinda nyumba zetu, nani kati yao alimlinda huyu? Kesho yake nilikwenda Marikiti kutafuta mrehani na maua ya waridi, mchukuzi akanigonga kwa mkokoteni, nikamtukana hadi wauza nyanya wakanyamaza. Maskini, hakuwa na kosa kubwa. Aliniomba radhi na nikaikataa.

Siku ya idhini ilifika. Baada ya alasiri binti aliketi kitandani, amefunikwa kitambaa cha kijani, na mimi kando yake. Chumba kilijaa shangazi na halati, ndugu wa kike wa mamake. Nje ya pazia kulikuwa na baba, mashahidi na sheikh wa kufungisha ndoa.

"Mwanangu," baba akasema, "nataka kukuozesha kwa kijana tuliyekutajia. Umekubali?"

Kimya. Akauliza tena, na tena. Kimya. Wanawake wote wakanigeukia mimi. Nikafumba mdomo wangu na kutazama ukuta.

Nilidhani nisipopiga kigelegele mambo yatasimama. Ujinga ulioje! Shangazi mmoja aliyekuwa karibu na pazia alichoka kuningoja, akakipiga yeye, na chumba kizima kikalipuka.

"Hajasema!" nikapiga kelele. "Hajasema kitu!" Hata aliyebanana nami hakunisikia.

Nikavuta leso yangu kichwani, nikapita pazia, nikatokea mbele ya wanaume. Kwetu hilo halifanywi.

"Kuna nini, mama?" sheikh akauliza.

"Binti hajakubali, Sheikh."

"Somo, vigelegele tumevisikia," akasema baba.

"Vile ni vya shangaziye. Kama shangazi ndiye aolewaye, mubarak."

Shahidi mmoja alicheka, kisha akajitia kukohoa. Sheikh hakucheka. Alinikumbusha kwa upole kwamba kimya cha mwanamwali ndiyo idhini yake.

"Kimya cha haya, Sheikh. Huyu haoni haya, yuwaogopa. Muulize wewe, ajibu kwa mdomo wake."

Sheikh yule ni mtu mwadilifu, na mpaka leo namheshimu.

"Hiyo ni haki yake," akasema. "Nyamazeni nyote."

Nilirudi kitandani nikiona nimeshinda. Sheikh akasogea kwenye pazia.

"Mwanangu, hapana wa kukulazimisha. Ukisema hapana, ndoa hakuna, na mimi nitasimama nawe. Nena."

Kunguru walisikika wakigombana juu ya paa. Mamake alikuwa amesogea akaketi sakafuni, mkabala na bintiye. Hakumshika wala hakumtisha. Alimtazama tu, kama mtu anayengoja daktari atoke ndani amwambie majibu. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, sema mwanangu, sema sasa.

"Nimekubali," akasema.

Alilisema wazi, kwa ile sauti ya kujibia simu za ofisini.

"Alhamdulillahi," sheikh akasema. "Sasa hapana shaka tena."

Na baba alifurahi, nilimsikia. Akawaambia mashahidi kwamba binti za watu huozeshwa kwa kimya, lakini wake yeye ameolewa kwa neno lake mwenyewe, sheikh akisikia, na kesho na keshokutwa hapana atakayethubutu kusema alilazimishwa. Wakashuka ngazi wakizungumza. Chumbani wanawake walikuwa wamenikodolea macho, wakingoja. Nikapiga kigelegele. Ningefanya nini? Kilitoka kibaya, lakini kilitoka.

Walipokwenda kuandaa vinywaji tulibaki wawili. Nilikuwa nikimtia asumini nyweleni.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilitaka wakusikie."

"Najua, somo." Hakuwa akilia, na hilo lilinitisha. "Mimi nilikuwa nimepanga kunyamaza ili waniozeshe wao. Nikae huko Kizingo kila siku nikijua kwamba ni wao, si mimi. Hilo ndilo nililokuwa nimejiwekea."

Nikamwambia aache, asiseme zaidi.

"Sasa nimejiozesha mwenyewe," akasema, akageuza kichwa nimalizie upande wa pili.