Kabla Hujakabidhi Darasa

Siku niliyopeleka barua ya kuacha ualimu naikumbuka kuanzia asubuhi yake, mwanangu. Nilikuwa mwaka wa pili kazini, kijiji kimoja mbele ya Mwanhuzi, maji tunayafuata korongoni. Kaka yangu alikuwa amenitafutia ukarani kwenye kiwanda cha pamba Bariadi. Basi nikajipaka mafuta, nikavaa gauni la sikukuu, ungedhani naenda kuolewa!

Barua ilipaswa kupitia kwa mwalimu mkuu, mzee aliyekulia machungani.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, kama kawaida yake. Akaisoma, akaikunja. Nilitegemea anibembeleze. Wapi!

"Nitaipitisha," akasema. "Ila kwanza nikabidhi darasa. Kwetu mchunga ng'ombe akiacha kazi hasemi tu ng'ombe hawa hapa. Anasema huyu anachechemea, huyu ana mateke, huyu hanywi maji mpaka wenzake waondoke. Kaa hapo, uandike."

Nikafungua rejista ya darasa la tatu, nikaanza kwa mbwembwe. Huyu haoni ubaoni, akae mbele. Huyu anachelewa, mama yake anaumwa. Kufika jina la tisa, nikakwama. La kumi, vilevile. Palikuwa na binti anaitwa Kabula. Mwaka mzima nilimwita jina kila asubuhi, na sikuweza kukumbuka hata sauti yake.

Niliona aibu, mwanangu, sikufichi. Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika kila siku kwamba kijiji hakinithamini.

Mzee akatazama mapengo kwenye karatasi yangu. "Bado hujakabidhi. Ukiwajua wote, njoo. Barua yako ninayo."

Nikarudi darasani nimenuna. Nikamkalisha Kabula karibu yangu, akaninong'oneza kwa Kisukuma kwamba hesabu anaziweza, ila anaogopa kuchekwa Kiswahili chake. Na kweli aliziweza zote! Mpaka nimewajua wote, ule ukarani ulishapata mtu mwingine. Nikaiomba barua yangu, nikawashia kuni, nikapika uji.

Sasa nimestaafu, nakaa zangu hapa Somanda, na nina raha. Mwalimu mwenzangu tuliyepakana nyumba aliondoka, akafungua duka Lagangabilili, naye ana raha yake. Simlaumu hata kidogo.

Kwa hiyo sikwambii baki, wala sikwambii nenda. Najua nyumba yenu inavuja na uhamisho wamekunyima, lakini usiondoke kwa hasira za hayo. Keti na rejista yako, kila jina uandike unachokijua juu ya mtoto huyo. Ukimaliza bila pengo na moyo bado unataka kwenda, nenda, nami nitakuja kukusaidia kufunga mizigo. Ukikwama, mwanangu, jua kwamba kazi unayotaka kuiacha hujaianza.

Mungu akutulize moyo, na popote utakapoingia kazini, akukutanishe na watu wanaofurahi wakikuona unakuja.