Matonge Matatu ya Sista Zenebech

Siku ya mtihani wake wa unesi wa kamera ya tumbo, Sista Zenebech aliogopa kitu kimoja tu: ndugu wa mgonjwa. Mrija aliujua, kuuosha alijua, kumtuliza mtu anayekabwa alijua. Lakini mgonjwa wake alikuwa Ato Ketsela, yaani Bwana Ketsela, na Ato Ketsela ana dada.

Mara ya kwanza sisi manesi tulimchungulia tukakuta injera, mkate wetu laini, imejaa tumboni, kidonda hakionekani. Tukamrudisha nyumbani na kidonda chake kinachovuja damu. Sasa amebaki mifupa. Leo tumbo lisipokuwa tupu, yeye hatibiwi na Zenebech hafaulu.

Zenebech akatoka kumwita mgonjwa. Lo! Bibi Askale, yule dada, keshafunua kikapu barazani. Kuku ananukia hospitali nzima, tonge liko hewani, kaka mtu kaachama.

"Mama, hapana! Asile kitu!"

"Nani kakwambia ndugu yangu atakufa njaa mbele yangu? Nimepika tangu alfajiri, unaurudisha mkono wangu?"

Kwetu Addis Ababa mkono wenye tonge haurudishwi. Ni kumtukana mpishi na ukoo wake. Basi Zenebech akajipenyeza katikati, akafungua kinywa yeye. Tonge likazama.

"Ehe! Huyu ana adabu," Bibi Askale akasema. "Lakini tonge moja huleta ugomvi." Akasokota la pili. "Mawili hutenganisha." Akashindilia la tatu. "Matatu ndiyo mapenzi, mwanangu."

Mimi nilikuwa mlangoni nacheka, rafiki gani mimi!

"Zenebech!" Sista Muluwork, mtahini wetu asiyejua utani, akaita. "Mgonjwa yuko wapi?"

Wakaingia. Zenebech mashavu yamefura, machozi ya pilipili yanamtiririka.

"Haya, muulize mgonjwa swali la kwanza."

Swali lenyewe: umekula? Zenebech akajaribu. Mmmh, mmmh. Ato Ketsela akamwonea huruma.

"Mimi sijala, Sista. Aliyekula ni huyu."

Muluwork akamtazama mgonjwa, akatazama mchuzi kwenye kidevu cha nesi, akachungulia kikapu nje.

"Mlaze. Na wewe meza kwanza."

Tumbo lilikuwa tupu. Kidonda kikaonekana, daktari akakibana, damu ikakoma. Zenebech akafaulu.

Nje, Bibi Askale alikuwa ameshaelezwa kwa nini tumbo hutakiwa tupu, analia juu ya kikapu. "Kumbe mara ile ni mimi niliyemharibia?"

Zenebech, tumbo limemjaa mpaka kooni, akakaa chini karibu naye.

"Mama," akasema, "nipe la nne." Akaachama.