Mifupa ya Elihuruma

Elihuruma wa Akheri alijulikana kwa mabega yake. Ujanani aliwabebea watalii mizigo kupanda Mlima Meru, na hata alipovuka miaka sitini bado alipakia magunia ya kahawa garini bila kuhema. Kwenye misiba, jeneza likiinuliwa, upande wa mbele kulia ulikuwa wake, wala hakungoja kuitwa.

Basi msimu mmoja wa mvua aliteleza uani akiwa na mkungu wa ndizi. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kwa kitoto, lakini mkono ulivunjika. Hospitalini mjini Arusha walimfunga plasta, kisha daktari, binti aitwaye Brenda, akashangaa mwanamume mwenye mwili ule kuvunjika kirahisi hivyo. Akamlaza kwenye mashine iliyompiga picha ya kiuno na nyonga.

"Mzee," alisema, "hii haipimi uzito wako wewe. Inapima gramu za madini zilizomo katika kila sentimita ya mraba ya mfupa. Nyumbani unakausha kahawa?"

"Nakausha."

"Chukua kichanja chako cha kuanikia. Ukimwaga debe zima, kahawa inajaa. Ukimwaga nusu debe, waya unaonekana. Kichanja ni kilekile, ila kahawa iliyo juu yake imepungua. Mifupa yako kwa nje ni mikubwa, lakini gramu zake ni chache mno."

Akamuuliza anatumia dawa gani. Ikajulikana kwamba kwa miaka mingi alikuwa akijinunulia vidonge vikali vya pumu bila kurudi kwa daktari, na hivyo ndivyo vilivyomla mifupa. Brenda akamwandikia matibabu, akamkataza kubeba mizigo mizito. Akianguka tena, alisema, angeweza kuvunjika nyonga au uti wa mgongo.

"Ugonjwa huu huwapata akina nani?" aliuliza Elihuruma.

"Wengi ni akina bibi. Lakini wanaume pia, mzee wangu."

Hayo ya mwisho hakuyasikia. Alirudi nyumbani na maneno mawili tu kichwani, akina bibi. Alimwambia mkewe, Tabitha, kwamba wamemtaka apumzishe mkono, basi. Dawa akawa anameza akiwa peke yake.

Plasta ilikuwa imeshatolewa alipofariki Dismasi, jirani yake. Zamani waligombania mpaka, hata Dismasi akang'oa masale yaliyopandwa hapo kuwa alama. Lakini walipatana, na kwa miaka mingi wakawa watu wa kunywa chai pamoja.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kaburi lilichimbwa chini migombani, na njia ilikuwa utelezi mtupu. Mzee wa kanisa alipowaita wabebaji, watu walisogea kumwachia Elihuruma nafasi yake. Calvin, mwana mkubwa wa marehemu, alikuwa ameshashika upande wa kushoto.

"Baba Mika, karibu," alimwambia Elihuruma.

Elihuruma aliutazama ule udongo uliolowa. Akajiona ameanguka, na jeneza la rafiki yake liko matopeni.

"Hapana," alisema. "Tafuteni mwingine."

Akageuka, akaenda kusimama nyuma ya jiko, akijifanya anaangalia kuni. Aliwasikia wakiimba mpaka sauti zikapotelea migombani.

Jioni ile ile maneno yakaenea: kumbe mambo ya mpaka hayajaisha. Elihuruma aliyasikia, akanyamaza. Aliona afadhali aitwe mwenye kinyongo kuliko aitwe bibi.

Matanga yalipokwisha, mjane wa Dismasi, Namnyaki, alikuja mwenyewe. Alikataa kiti.

"Baba Mika, mume wangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea, Mama Calvin."

"Basi kwa nini ulimkataa mbele za watu?"

Tabitha alikuwa mlangoni. Elihuruma akainamisha kichwa, akasema yote, mashine, gramu na vidonge, sauti ikizidi kufifia. Alipomaliza, hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kama wangecheka.

"Kwa hiyo ukaona bora wanangu waamini baba yao amezikwa na chuki yako," alisema Namnyaki.

Akageuka aondoke, kisha akasimama.

"Pole kwa ugonjwa. Lakini mimi siwezi kuwaambia watu kwa niaba yako." Akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Tabitha aliingia ndani, na usiku ule alimwandalia chakula bila kukaa naye mezani.

Jumapili, baada ya ibada, wanaume walikuwa wakitoa mabenchi nje kwa ajili ya mkutano wa usharika. Mmoja akamwita ashike upande wa pili. Elihuruma alibaki amesimama.

"Siruhusiwi kubeba," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mifupa yangu imeishiwa nguvu. Hata siku ya kumzika Dismasi sababu ilikuwa hiyo. Sikuwa na neno naye. Niliona aibu kusema."

Kijana mmoja akaguna. Calvin alikuja, akapita mbele yake, akashika ule upande wa benchi.

"Ungetuambia, mzee," alisema bila kumtazama. "Ungeshika msalaba, ukatangulia. Tulimpa mtu ambaye baba hakumjua vizuri."

Wakaondoka na benchi. Elihuruma akabaki pale uani, mikono mitupu, asijue aiweke wapi.