Mama An wa Duka la Nyuzi

Sisi tuliokulia Hillbrow, mtaa wa wahamiaji, enzi zile hatukujua majina ya mama za watu. Mama yangu, fundi cherehani kutoka Bukavu, alikuwa Mama Neema, kwa kuwa mimi Neema ndiye kifungua mimba wake. Na Mchina aliyetuuzia nyuzi na vifungo tulimwita Mama An, maana binti yake An alisoma darasa moja nami. Watoto wa siku hizi wanawaita wakubwa kwa majina yao makavu, utadhani walibatizwa pamoja.

Shule ikiisha tulikula magwinya ya moto, maandazi ya huko, mafuta yakitiririka hadi viwikoni, kisha tukajibanza chini ya meza ya mama. Siku moja An alichukua chaki ya kuchorea nguo akaandika jina lake kwenye kitambaa cheusi: 安. Juu ni paa, alieleza, na chini yake mwanamke ameketi. Wazee wao wa kale walichora hivyo wakimaanisha utulivu. Nikamtafsiria mama.

"Na bwana yake iko wapi?" mama akauliza.

Tulicheka sana. Yeye hakucheka. Alikuwa amekimbia vita, na hata hapa tuliishi kwa hofu ya kufukuzwa chumbani. "Kumbe amani ni kuikala tu mu nyumba," akasema, na kile kitambaa hakukikata.

Mwaka uleule An aliugua kifua, akafa. Niliumia, na bado naumia. Wateja, kwa huruma, wakaacha kumwita mama yake Mama An. Wengine walinyooshea kidole tu walichotaka. Mama akaingia dukani na sauti yake ileile: "Mama An, jambo! Unipatie uzi mweusi." Yule mama akageukia rafu, mabega yakitetemeka. Nilitamani ardhi inimeze.

Njiani nikamlaumu mama. "Mutoto akikufa, mama yake anabakia mama yake," akanijibu.

Tangu siku hiyo, kila alipomwona mama, Mama An alitoka nyuma ya kaunta kuja kumshika mikono.

Mama tulimzika mwaka jana. Lile duka sasa linauza simu, na wanangu wananijibu kwa Kiingereza. Juzi, karibu na roboti, zile taa za barabarani, bibi mmoja wa Kichina aliyepinda mgongo alinishika mkono. "Mama Neema?" aliuliza. Nikatikisa kichwa. "Mama An, hatunaye tena," nikamwambia. Tukalia palepale, watu wakitupita.

Kwenye kaburi la mama limeandikwa jina la pasipoti. Katika mji huu mzima, anayemwita bado kwa jina langu ni Mama An peke yake. Na sijui kama yuko mwingine, zaidi yangu, anayemwita yeye kwa jina la An.