Niliwafundisha Wagonjwa Kumdanganya Mtafiti

Jina langu sitoi. Kosa natoa lote, maana limenishinda kulibeba.

Mimi nimeishia darasa la tatu. Nilianza kwa kubeba magunia ya dagaa mgongoni, leo nina ghala langu Mkuyuni na watu wananiamkia. Sikuwahi kuelekezwa na mtu. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza!

Marehemu kaka yangu aliacha binti mmoja, nikamsomesha mpaka akawa mtafiti wa saratani. Nimwite Kabula, si jina lake. Kazi yake alinieleza hivi: "Baba mdogo, dawa ya saratani inaua ugonjwa, lakini kwa wengine inaua na mishipa ya fahamu. Miguu inakufa ganzi, wengine hawaponi tena. Mimi natafuta alama kwenye damu ya kutuonya kabla mishipa haijafa."

Miaka sita alihangaika na jambo hilo moja.

Basi nikaugua mwenyewe, saratani ya utumbo. Kabula akakataa kuniandika kwenye utafiti wake, akasema ndugu haruhusiwi. Sawa. Lakini kwenye benchi la kusubiri dawa nilikaa na wagonjwa wa utafiti wake kila mara.

Nesi alikuwa anachukua damu, halafu mgonjwa anafumba macho, anaguswa nyayo kwa kijiti. "Unasikia?"

Siku hiyo mama mmoja, mkaanga samaki wa Kisesa, akajibu, "Sisikii vizuri, mwanangu." Nesi akaandika.

Moyo ukaniuma! Nikaona anamharibia binti yangu. Kwa akili yangu ya sokoni, anayetaja ubaya wa mzigo wako amekuangusha.

Nesi alipotoka nikamvaa. "Wewe mama, nani kakufundisha kulalamika? Mtoto wa watu anateseka kwa ajili yenu!"

"Sasa mzee, na kama sisikii?"

"Sisi Wasukuma tukisalimiwa si tunajibu mhola, salama, hata kama nyumba inaungua? Basi jibu mhola!"

Benchi zima likacheka. Mzee mmoja akasema, "Kumbe mtihani una majibu, na mwenye majibu tunaye hapa!" Nikajiona bingwa. Nikawaonyesha na namna ya kufumbua jicho kidogo, waone kijiti kikigusa. Tena nikawatisha: ukisema ganzi, watakupunguzia dawa, ugonjwa urudi.

Lo! Kuanzia hapo hata wasiosikia walisikia.

Damu ikawa inasema mishipa inakufa, wenye miguu wanasema hawajambo. Wakubwa wa Kabula walipolinganisha, wakasema alama yake haina kazi. Utafiti ukafungwa. Mimi nikalaani watu wenye wivu! Sikujua najilaani mwenyewe.

Baada ya mwaka na ushee, yule mama akakanyaga kaa la moto jikoni kwake. Hakusikia. Harufu ndiyo iliyomshtua. Kidonda kikaoza, wakamkata mguu. Kabula alipokwenda kumjulia hali, mama akamwambia yote.

Kabula akaja ghalani kwangu. Akaniamkia, nikaitika marahaba. Kiti hakukitaka.

"Baba mdogo, ni kweli?"

"Nilitaka ufaulu, mwanangu."

"Haukuwa mtihani wangu! Yule mama aliposema hasikii, ndilo jibu nililolitafuta miaka yote. Na tungempunguzia dawa, mguu angekuwa nao."

Nikamwambia twende kwa wakubwa wake nikaseme, waitwe wote waulizwe upya. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Wengi wameshazikwa, baba. Utawauliza wewe?"

Akageuka, akaondoka.

Siku hizi anafundisha sekondari mkoa mwingine. Nikipiga simu anapokea, ananiamkia, anakata. Yule mama nilimpelekea magongo. Aliyapokea, lakini uso wangu hakuutazama. Na wale walioko kwenye dawa leo, miguu inawafia taratibu na ile alama ya damu ya kuwaonya haipo. Hao siwajui hata kwa sura.

Wazee wenzangu mliojiinua wenyewe, kujua biashara si kujua kila kitu! Mkikaa kwenye benchi la hospitali, fungeni midomo. Na wewe mgonjwa, ukiulizwa kama unasikia na husikii, sema husikii, hata mtu mzima akukaripie. Mimi nilikaripia, wakanitii.