Mazoezi ya Kuhamia Mirihi

Mume wa fundi cherehani alikuwa fundi redio, na mtaa mzima ulimwita Kamanda, kwa kuwa kila mteja aliondoka na hotuba juu ya kuhamia sayari ya Mirihi. Dunia imeshaharibika, alisema, huku bomba la jikoni kwake likivuja tangu masika.

Siku moja akatangaza mazoezi: angefungiwa stoo kwa nje wiki nzima na biskuti na maji ya chupa.

“Mama watoto, hata nikigonga usifungue.”

“Haya, baba. Safari njema.”

Nyumba ikatulia. Mke akaita fundi bomba, akamaliza magauni yaliyokuwa yamelala, akasikiliza redio bila mtu kumweleza inavyofanya kazi.

Kesho yake mchana mlango wa stoo ukagongwa. “Fungua! Kuna joto, halafu kuna panya!”

“Si ulisema nisifungue?”

“Nilikuwa natania, bwana!”

Akafungua shingo upande. Kamanda akatoka akitiririka jasho, akaagiza chai, na kabla haijapoa alishaanza kueleza kwamba ubovu ulikuwa wa stoo, si wa Mirihi. Mkewe, aliyeiona safari hiyo upuuzi mtupu miaka yote, akamuuliza kwa upole wasafiri wa huko wanaandikishwa wapi.