Kosa la Sajini

Kosa la Sajini lilikuwa mapenzi. Mbwa wengine pale kijijini Tulia huchukia watu. Huyu wa Syombua aliwapenda kupita kiasi, na zaidi ya wote alimpenda Othman, jirani yao muuza vitambaa. Kila Ijumaa Othman akipita na kanzu nyeupe kwenda msikitini, Sajini alimrukia kifuani na kumlamba. Basi mzee wa watu arudi nyumbani, avue, aoshe kwa udongo na maji, maana mate ya mbwa ni najisi, na huku sala ya jamaa imempita.

Kesi ikafika kwa Kaloki, mzee wa kijiji. Akaamua: mbwa akimgusa Othman tena, auawe.

Syombua alikuwa mjane mwenye mbuzi wachache, na wezi wa mbuzi waliliogopa boma lake kwa sababu ya mbwa tu. Aliogopa sana kumpoteza. Alimfunga kamba, ikatafunwa.

Ndipo alipoanza kumfunza. Kila jioni alisimama uani na ukoko wa ugali, akainua kiganja na kusema, "Kaa." Sajini akiketi, anapata, akiruka, anakula hewa. Majirani walicheka, eti Syombua amefungua shule ya mbwa. "Umleavyo ndivyo akuavyo," aliwajibu, akaendelea. Mbwa akashika. Hata kuku walipita mbele ya pua yake naye ametulia, na watoto waliokuwa wakizunguka mbali wakaanza kupita langoni.

Akaenda dukani kwa Othman. "Mzee, ukimwona anakuja, mwambie tu 'kaa'. Atakusikia."

"Mimi nizungumze na mbwa, mama? Mbwa ni wako, ongea naye wewe." Akaendelea kupima kitambaa chake.

Ijumaa iliyofuata Syombua alikuwa nyuma ya nyumba akichota maji tangini aliposikia lango likijigonga. Alikimbia mbele. Sajini alishafika barabarani, anaifuata kanzu mbio. Syombua akamkimbilia, lakini alikuwa amechelewa.

Othman aligeuka, akamwona mbwa. Hakuhitaji kufanya lolote. Angesimama tu, aguswe, na kesi iishe siku hiyo hiyo.

Akainua kiganja. "Kaa."

Sajini akaketi vumbini, mkia ukifagia. Syombua alikitazama kile kiganja: vidole vimebanwa, kimefika usawa wa bega, vilevile alivyoinua chake yeye kila jioni, ng'ambo tu ya uzio wa Othman.

"Mama," Othman alisema, "mletee ukoko wake." Akaenda zake kusali.